Bendera Zisizojishusha: Wiki Moja Basotu

Jumatatu. Umeme ulikatika saa tatu asubuhi, ukarudi saa tisa alasiri. Natengeneza mizani ya magunia ya ngano yenye prosesa ya Cortex-M4, na programu yake naiandika kwa asembli. Nilipoiwasha iliganda kwenye hesabu ya kwanza ya desimali. Prosesa hii huamka kitengo chake cha nukta inayoelea kikiwa kimefungwa. Ni lazima ukifungue kwa biti 20 hadi 23 za rejista iliyo kwenye anwani 0xE000ED88. Mstari huo niliuandika Jumapili. Ulikuwa kwenye faili jingine.

Jumanne. Wastani ni jumla kugawa idadi ya magunia. Kabla ya gunia la kwanza vyote viwili ni sifuri, na kioo kiliandika "nan". Mzee jirani alisoma, akauliza, "Nani?" Nilimwambia, "Si mtu, mzee, ni hesabu isiyo na jibu." Alisubiri nieleze zaidi, nami nilikuwa nasubiri biti ya 1 ya rejista ya hali, FPSCR, ile bendera ya kugawa kwa sifuri, ipande. Haikupanda. Kwa kanuni za IEEE 754 za mwaka 1985, tano kwa sifuri ndiyo kugawa kwa sifuri. Sifuri kwa sifuri ni hesabu batili, na bendera yake ni biti ya 0. Ilikuwa imepanda tangu asubuhi.

Jumatano. Kwenye mashine ya kusaga nilifika wa tisa, nikasagiwa wa kumi na nne. Jioni nilikuta bendera ya jana bado iko juu. Hizi zikipanda hazishuki zenyewe, hata zifuate hesabu mia sahihi. Niliandika sifuri kwenye FPSCR nzima kwa amri ya VMSR. Zikashuka, lakini biti 22 na 23 zilifutika pia, zinazoamua hesabu ikadiriwe kwenda wapi. Nilikuwa nimeziweka zikadirie juu, kipande cha gramu kimwangukie mkulima. Gunia lile lile likapungua gramu moja. Gramu hiyo ni yake. Sasa nasoma kwa VMRS, nazima biti 0 hadi 4 na ya 7 tu, kisha narudisha. Kazi ya mistari mitatu ilinikalisha hadi saa sita usiku.

Alhamisi. Wastani niliuhamishia ndani ya katizo la saa ya prosesa. Bendera nikazisoma kwenye programu kuu: sifuri kila mara, hata nilipoingiza hesabu batili makusudi. Katizo linapotumia desimali, prosesa huhifadhi FPSCR ya programu kuu pamoja na rejista S0 hadi S15, na katizo likiisha huirudisha ile ya zamani. Bendera iliyopanda humo ndani inapotea humo humo. Niligundua wakati betri ya kompyuta inaisha.

Ijumaa. Nilikwenda Katesh kutafuta kebo. Gari lilisubiri lijae, saa mbili na nusu. Kebo haikuwepo.

Jumamosi. Nasoma bendera ndani ya katizo, mara tu baada ya kugawa, na naitunza kwenye kumbukumbu. Idadi ikiwa sifuri, sigawi. Nimepima gunia la mzee jirani. Biti ya 4 imepanda, ile ya kukadiria, nayo hupanda karibu kila mara kwa sababu hata 0.1 haiandikiki kamili kwa namba za mbili mbili. Mzee ameangalia kioo, akaomba lipimwe tena. Nimelipima tena.