Bunduki ya Mjomba na Rai za Majirani

Katika mali zote awezazo mwanadamu kuzirithi, sijui hata moja iletayo ushauri mwingi wa bure kuliko bunduki ya kuwindia. Kwani aliyerithi minazi huachwa aikwee mwenyewe, na aliyerithi deni huepukwa hata na jamaa zake wa damu, lakini aliyerithi bunduki, kabla hajaipangusa vumbi, huwa amekwisha kuzungukwa na watu wa kila hirimu, kila mmoja na rai yake juu ya risasi ipi itiwe, inapatikana wapi, na yapasa kununuliwa kwa bei gani.

Mjomba wangu wa Pangani alirithi Mauser ya kuwindia, ambayo marehemu babu aliinunua kwa bwana mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao Ujerumani. Mpenda chongo huita kengeza, na mjomba aliita kutu ya ile bunduki rangi ya ukongwe, na ufa wa kitako chake akauita pambo. Leseni ilipokwisha kuandikwa kwa jina lake, baada ya kuamkiana mara nyingi na maaskari wa kituoni, ikabaki haja moja tu, nayo ni risasi za kuwaondolea nguruwe mwitu tamaa ya muhogo wake. Tena alitaka zilizo salama, na fauka ya hayo zilizo rahisi.

Wa kwanza kutoa rai alikuwa mzee mmoja aliyepata kutumika katika jeshi la King's African Rifles, ambaye kwake yeye duniani hapakuwa na risasi ila ya .303. Alisema kwamba risasi ni risasi kama maji yalivyo maji, na kwamba .303 ilikuwa imeenea nchi nzima, na kilichoenea hakiwi ghali. Mwenye leseni mmoja wa mtaa wa pili akaleta moja ili ilinganishwe, na mara ikadhihiri kuwa ganda lake lina ukingo uliotokeza matakoni, ilhali la Mauser halina, wala bunduki haikukubali kuipokea. Mzee alifadhaika kidogo, lakini bunduki ikataayo risasi isiyo yake humtendea mwenyewe ihsani kubwa. Ya kuogopwa ni ile ipokeayo kila iletewacho.

Wa pili alikuwa bingwa wa hekaya, aliyeshikilia kwamba bunduki hiyo ilipigana katika vita vya Tanga vya Novemba 1914, na kwa hiyo yataka risasi za vita, si za dukani. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha kuwa askari wengi wa Wajerumani siku zile walibeba bunduki za mtindo wa 1871, zilizotumia baruti nyeusi na kutoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali pa mpigaji, wala si Mauser ya bwana shamba. Wa tatu, fundi wa magobore, alijitolea kuyajaza maganda matupu kwa baruti ya kutengeneza mwenyewe, bila ya malipo. Nasi tulimshukuru kwa taadhima kubwa, tukabadili mazungumzo.

Hatimaye tulikwenda Tanga mjini, kwenye duka lenye idhini ya kuuza silaha, na mwenye duka akatuwekea mezani makasha mawili, yote mawili ya milimita 8: moja la risasi za jeshi zilizosalia, bei yake ya kumfurahisha maskini, na moja la risasi za kuwindia, bei yake ya kumtoa machozi tajiri. Mkono wa mjomba ulilielekea lile la kwanza bila ya kuagizwa na akili. Bahati njema, fundi mkongwe wa duka alikuwa ameketi pembeni na miwani yake, akaiomba bunduki, akasoma maandishi ya kasiba, akaona 8 × 57 na herufi I, ambayo wengi huisoma J. Kisha, asiridhike na herufi peke yake, akapitisha kipande cha risasi laini ndani ya kasiba kwa ufito, akakipima kilipotoka upande wa pili.

Akatueleza kuwa Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, waliipanua risasi ya jeshi lao kutoka inchi 0.318 hadi 0.323, wakaitia alama ya S, ilhali mafundi wa bunduki za kuwindia waliendelea kwa miaka mingi na kipimo cha zamani. Tofauti hiyo haizidi sana unene wa nywele mbili. Lakini risasi pana ikisukumwa katika kasiba nyembamba, nguvu ya mvuke hupanda kupita kiasi, na mtambo waweza kupasuka karibu kabisa na shavu la mwenye kulenga. Na hila yenyewe iko hapa, kwamba ganda la risasi ile pana huingia bila ya ubishi. Fauka ya hayo, fataki nyingi za jeshi za zamani huacha chumvi ndani ya kasiba, nayo hewa ya Pangani ina chumvi ya kuitosha; na risasi ya vita, iliyovikwa madini hadi nchani, humpita mnyama na kuendelea na safari yake, ambayo yaweza kuzidi kilomita 3, hadi katika shamba la mtu asiyekuwa na ugomvi na yeyote. Ile ya kuwindia ina ncha laini, hutanuka na huweza kukomea humo humo.

"Bei ya rahisi," alisema fundi, "haijatiwa bei ya jicho."

Mjomba akanunua kasha la risasi 20 za ghali, akalipeleka nyumbani, akalifungia sandukuni mwa mkewe. Tangu siku hiyo, kila nguruwe walipoingia shambani, alikaa barazani akipiga hesabu: thamani ya muhogo utakaoliwa upande huu, thamani ya risasi upande ule, na nyama ya nguruwe, ambayo ni haramu, isiyotiwa katika hesabu yoyote. Mizani ilikataa kila mara kuielemea bunduki, naye akatoka na debe tupu na kijiti, akapiga kelele hadi wakakimbia.

Kwa hiyo, ewe msomaji uliyeachiwa bunduki kwa urathi, isome kwanza kasiba, umpe fundi aipime, ulinganishe maandishi yake na yale yaliyopigwa matakoni mwa ganda, herufi kwa herufi, ndipo uulize bei. Na bei ikikushinda, usishuke kwenye kasha la rahisi. Debe lapatikana kila mahali, wala halihitaji leseni.