Kazi ya Mwezi kwa Ndoo ya Lita Ishirini

Akwaria ya matumbawe, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni tangi la kioo lililojazwa maji ya chumvi, ambamo hufugwa si samaki peke yao bali pia matumbawe, yaani wale wanyama wadogo laini wanaojijengea nyumba za chokaa na ambao, baada ya karne nyingi za ujenzi usio na kibali, huacha nyuma yao mwamba uwezao kutoboa jahazi. Viumbe hao wamezoea kuhudumiwa na bahari, ambayo katika pwani ya Afrika Mashariki hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, huyavuta na kuyarudisha maji kwa nguvu isiyoonekana siku za maji mafu. Mtu anayewahamishia sebuleni hujitwika basi kazi ya mwezi, akiwa na ndoo, mpira wa maji, na mgongo ambao haukuombwa ushauri.

Sababu ya kubadilisha maji ni nyepesi kueleza. Samaki hula, na alaye hana budi kutoa. Kinyesi na mabaki ya chakula huoza na kuwa amonia, ambayo ni sumu, kisha bakteria wanaoishi katika mawe huigeuza kuwa naitriti, ambayo nayo haifai, na hatimaye kuwa naitreti, ambayo huvumilika kwa kiasi lakini hurundikana kama madeni ya dukani. Wakati huohuo matumbawe hufyonza kalisi na madini mengine ili kujengea mifupa yao, hivyo kwamba maji yaleyale huzidiwa na kisichotakiwa huku yakipungukiwa na kinachotakiwa. Desturi iliyoenea miongoni mwa wafugaji ni kuondoa sehemu moja ya kumi ya maji kila juma, au sehemu moja ya tano kila baada ya majuma mawili, na kuweka mengine mapya. Katika tangi la lita 200 kiasi cha kila juma huwa lita 20, yaani ndoo moja ya kawaida, jambo linaloshawishi kuamini kwamba maumbile yalipanga mambo haya kwa kushauriana na wauza ndoo.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kumdhihaki mfugaji. Wengi hudhani kwamba aliyeondoa sehemu moja ya kumi mara kumi amekwisha kubadilisha maji yote, ilhali kila ndoo inayotoka huchota pia yale mapya yaliyotiwa juma lililopita, na baada ya majuma kumi ya uaminifu usio na dosari, zaidi ya theluthi moja ya maji ya awali ingali imo, ikimtazama. Naitreti iliyofikia miligramu 40 kwa lita hushuka hadi 36 baada ya ndoo ya kwanza, tofauti ambayo vipimo vingi vya rangi vya nyumbani haviioni, sembuse macho ya mtu aliyechoka. Ni kweli pia kwamba baadhi ya wafugaji hodari, wenye mwani wa kufyonza naitreti na mitambo ya kudondosha kalisi, hubadilisha maji mara chache sana. Lakini hao ni kama watu wanaosema hawahitaji daktari, nao huwa na daktari ndani ya nyumba. Kwa wengine, hatari kubwa si kuchelewa bali ni toba ya aliyechelewa. Anayesahau kwa miezi mitatu kisha akaondoa robo tatu ya maji usiku mmoja hufanana na baba aliyesahau matumizi ya nyumbani kwa muda huohuo akarudi na ng'ombe mzima: nia ni njema, ila nyumba haina pa kumweka, na matumbawe, yasiyopenda mabadiliko ya ghafla ya chumvi, joto wala kemia, hujikunja na huenda yasikunjuke tena.

Yafaa kutofautisha kubadilisha maji na kuongeza maji, kwa kuwa kuchanganya mambo hayo mawili kumeangamiza viumbe wengi. Maji yanapokuwa mvuke, chumvi hubaki. Kwa hiyo pengo linaloachwa na mvuke huzibwa kwa maji yasiyo na chumvi, na anayeliziba kwa maji ya chumvi hutengeneza polepole, bila kukusudia, maji ya kukaushia ng'onda. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, na ili kulinda kiwango hicho kumebuniwa kifaa chenye kihisio ambacho, kina cha maji kikishuka, huwasha pampu ya maji baridi. Kifaa hicho ni kitiifu kama askari wa zamu asiyeuliza maswali. Mfugaji anayesahau kukizima siku ya kubadilisha maji huondoa ndoo ya kwanza, naye askari, akiona kina kimeshuka, hujaza pengo kwa bidii. Kisha mfugaji humimina lita zake 20 zilizoandaliwa tangu jana, na tangi, ambalo limekwisha kujaa, hutoa jibu lake juu ya zulia. Ikiwa alikumbuka kifaa hicho lakini akasahau kuzima kipasha joto, kioo cha kipasha joto huachwa hewani kikiwaka, na kinaporudishiwa maji huweza kupasuka kwa mlio unaotambuliwa na kila mtu nyumbani isipokuwa yeye, ambaye bado anatafuta chanzo chake jikoni.

Mpira wa kunyonyea maji unastahili maelezo zaidi kuliko unavyopewa kwa kawaida. Hufanya kazi kwa kanuni ileile ambayo dereva huitumia kuhamisha petroli: ncha moja huzamishwa, nyingine hushushwa chini ya usawa wa maji, hewa hutolewa, na maji hutiririka yenyewe. Njia ya kale ya kutoa hewa ni kuvuta kwa mdomo, na ufundi wote uko katika kuuondoa mdomo kwa wakati, ufundi ambao kwa uzoefu wa jumla hupatikana nusu sekunde baada ya kuhitajika. Ladha siyo hoja kubwa hapa. Baadhi ya jamaa za matumbawe zinazofanana na vifungo vya shati hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali mno zinazojulikana, kwa hiyo pampu ndogo ya mkono ni matumizi mazuri ya fedha. Zaidi ya hayo, maji yakishaanza kutiririka hayana habari ya ukubwa wa ndoo. Yataendelea mradi ncha ya ndani imezama na ya nje iko chini ya usawa wa maji ya tangi, na kwa sababu zisizochunguzwa vya kutosha, simu ndefu kuliko zote za juma hupigwa ndoo inapokuwa nusu.

Taabu hizi si mpya. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa naibu wa kasisi mkuu wa kanisa la Westminster, alichukua matumbawe kutoka Torquay, pwani ya kusini mwa Uingereza, akayafuga nyumbani kwake London, mbali na bahari yoyote. Kwa kuwa maji ya bahari hayakupatikana kirahisi, alibuni njia ya kuyahuisha yaleyale: mtumishi wake wa kike aliyamimina huku na huku mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa hadi dakika 45, ili yapate hewa. Bibi huyo aliandika kwamba msichana aliiona kazi hiyo kuwa burudani. Maoni ya msichana yalipitia kalamu ya bibi. Mnamo 1854 mwanasayansi wa viumbe Philip Henry Gosse alitangaza namna ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi mbalimbali, na tangu hapo mzigo umehamia kwa mwenye akwaria mwenyewe, ambaye aghalabu hana msichana wala dirisha la kutosha.

Msomaji wa Mombasa au Tanga atauliza kwa haki kwa nini mtu atengeneze bahari ilhali bahari iko hapo. Inawezekana kutumia maji yake, mradi yachotwe mbali na bandari na mitaro, na si wakati wa masika, mvua zinapoyazimua maji ya ufukweni na kuyajaza tope. Tena abiria mwenye madumu manne yanayovuja ndani ya daladala hujifunza mengi kuhusu subira ya watu.

Anayechanganya chumvi nyumbani naye hupaswa kuiacha ndoo usiku kucha, ikikorogwa na pampu ndogo, hadi maji yawe maangavu kabisa. Hatari iko katika uangavu huo. Katika nyumba yenye mgawo wa maji, ndoo iliyojaa maji safi karibu na jiko, pampu yake ikiwa imekwisha kuondolewa, haisomeki kama mradi wa kisayansi bali kama neema, hata ikiandikwa YA SAMAKI ubavuni, kwa kuwa maandishi hayo huelekezwa ukutani. Mama mkwe aliyewasili kwa basi la usiku, akaamka kabla ya wenyeji ili asiwe mzigo, huteka birika moja, huchemsha, hutia majani, tangawizi na sukari, na huwaandalia watu wote kwa upendo. Adabu humzuia mkwewe kusema lolote. Hupiga funda la kwanza, hutambua mara moja ladha ya gramu 35, hutupa jicho kwenye ndoo iliyopungua lita mbili, na anapoulizwa kama aongezewe kikombe, hushukuru na kujibu kwamba ameshiba.