Shukrani au Cherehani

Kanda ya sherehe ya kumuaga dada yangu ilirekodiwa mwaka 1996, na tangu deki ya nyumbani kwetu ilipokata roho, kazi yake pekee katika ukoo imekuwa kutajwa. Inatajwa kwenye vikao vya harusi, inatajwa matangani, inatajwa hata sikukuu watu wakishashiba. Anayeitaja ni shangazi. "Iko kwenye mkanda," husema, akimkazia macho baba mdogo, ambaye kufikia hapo huwa ameshaanza kutafuta vijiti vya meno.

Madai ya shangazi ni kwamba baba mdogo alisimama mbele ya wageni waalikwa, akapokea maikrofoni, akaahidi cherehani. Mpaka leo cherehani haijafika. Baba mdogo hakatai kwamba alisimama. Maikrofoni pia haikatai. Anachosema ni kwamba siku ile alitoa shukrani, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu zake, na vigelegele vya akina mama ndivyo vilivyowapotosha waliokaa meza za nyuma.

Kazi ya kuifufua kanda nilipewa mimi kwa sababu niliwahi kutengeneza pasi ya shangazi. Kwetu fundi ni mtu yeyote aliyewahi kufungua kitu, akakifunga, na skrubu zisibaki.

Deki ilipatikana kwa baba mdogo mwenyewe, aliyeitoa kwa moyo mkunjufu kabla hajaambiwa ni ya kuchezea kanda gani. Aliwahi kuwa na kibanda cha video. Vijana wa leo hawaelewi uzito wa jambo hilo. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, tena ya rangi, lakini sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo, televisheni Dar es Salaam bila deki ilikuwa fanicha ya kuwekea kitambaa cha kufuma. Mwenye deki alikuwa mtu mkubwa, na deki ya baba mdogo ilipigishwa kazi kuanzia adhuhuri hadi usiku wa manane, karate ikitoka, ya Kihindi ikiingia. Kununua nyingine mpya haikuwezekana. Mfumo huu wa VHS, ambao JVC waliuingiza sokoni Japani mwaka 1976, ulizikwa rasmi mwaka 2016, pale Funai, kampuni ya mwisho iliyokuwa bado inaunda deki, ilipofunga kazi.

Nilipofungua kifuniko nilikuta mende wawili waliokufa zamani, sumni, na mpira wa kuzungushia ulioyeyuka ukawa lami. Joto letu la pwani halina huruma na mpira. Ule wa gurudumu dogo la kukunjia mkanda ulikuwa umekauka unang'aa, na hapo ndipo penye siri ya deki zinazokula mikanda. Mtu husema deki ina njaa. Ukweli ni kwamba kuna kigurudumu kinachousukuma mkanda kutoka, na kingine kinachopaswa kuukunja upande wa pili. Wa kwanza anaendelea na kazi, wa pili anateleza, na mkanda unakosa pa kwenda unajirundika ndani. Mipira niliipata Kariakoo kwa mzee mmoja anayeiuza kwa kuipima kwa macho. Aliniangalia kwa huruma niliposema ni ya deki, kisha akanipunguzia bei.

Ndani ya deki kuna silinda ya chuma inayometa kama sufuria ya bibi harusi, upana wake milimita 62, imekaa kwa kuinama kidogo. Hii ndiyo dramu, na hedi ziko humo, mbili, zikitazamana kwa migongo. Ukisukuma kanda, vigingi viwili vyenye roli vinatoka, vinauvuta mkanda nje ya kasha na kuuzungushia nusu ya dramu. Mkanda wenyewe unatambaa polepole, chini ya sentimita mbili na nusu kwa sekunde, huku dramu ikizunguka mara 25 kwa sekunde hiyohiyo. Kwa kuwa dramu imeinama, kila hedi ikipita inaandika mstari wa mshazari, na upana wa mstari huo ni takriban sehemu ya ishirini ya milimita. Wakati wa kucheza, hedi inatakiwa ipite juu ya mstari wake, si wa jirani. Vile vigingi viwili ndivyo vinavyoamua mkanda upite juu zaidi au chini zaidi, na vinapandishwa na kushushwa kwa kuvizungusha, kiasi ambacho jicho halikioni.

Na kuna mtu alikuwa ameshavizungusha. Kiwandani, juu yake hupakwa tone la rangi, liwe muhuri. Kwenye deki ya baba mdogo muhuri ulishavunjwa, na kando yake palikuwa na mikwaruzo ya bisibisi ya mtu aliyefanya kazi kwa hasira.

"Ah, huyo kijana wa kibandani," alisema baba mdogo. "Picha ikicheza, anakaza."

"Anakaza nini?"

"Chochote kilicho karibu."

Hedi nilizisafisha kwa kipande cha karatasi laini kilicholoweshwa spiriti, karatasi imetulia, dramu ikizungushwa taratibu kwa mkono. Anayesugua juu na chini anazivunja, na pamba za masikio huacha nyuzi. Kisha tukaweka kanda. Sebule ilijaa. Dada alipigiwa simu Mwanza, akawekwa kwenye spika juu ya meza, na shangazi akakalia kile kiti kilichoelekea mlango, ili pasiwe na mtu wa kutoka kimyakimya.

Picha ilikuja, kwa robo tatu. Robo ya juu ilikuwa chenga tupu. Chini ya chenga, watu wa 1996 walipita wakiwa wamevaa vizuri na hawana vichwa. Wakapita wanakamati bila vichwa, akapita mshereheshaji bila kichwa, na hatimaye ikasimama suti ya Kaunda ya kijivu, maikrofoni ikiinuliwa mpaka ikapotelea kwenye chenga.

"Huyo!" shangazi akapaza sauti.

"Huyo nani?" baba mdogo akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia uchunguzi. "Suti za Kaunda mwaka ule zilivaliwa na kila mtu, dada. Hata wewe mumeo alikuwa nayo."

Tukasema basi tusikilize sauti. Sauti ya kanda haisomwi na ile dramu. Ina ujia wake kwenye ukingo wa juu wa mkanda, na hedi yake imesimama pembeni, haizunguki. Hedi hiyo ikiegama hata kidogo tu, sauti nzito zinabaki na zile nyembamba zinakufa, na kwa Kiswahili hilo ni balaa, maana *s*, *sh* na *ch* zote ni nyembamba. Ile suti isiyo na kichwa ikanguruma kama iliyo ndani ya pipa: "Natoa mm-mm-ani."

"Cherehani!" alisema shangazi.

"Shukrani," alisema baba mdogo.

Tukarudisha. *Mm-mm-ani*. Sebule ikagawanyika. Jirani aliyekuja kuazima chumvi akasema yeye anasikia "jirani", akaombwa asiharibu mambo.

Ndipo ikaanza kazi ya kunyoosha. Dalili ya chenga juu ya picha inasomeka wazi kwa anayejua njia ya mkanda: kila hedi huanza kuchora picha kutokea juu, pale mkanda unapoingia kwenye dramu, na humalizia chini unapotoka. Chenga zikiwa juu, mkosaji ni kigingi cha kuingilia, cha kushoto. Zikiwa chini, ni cha kutokea. Kichwa cha kigingi kina mkato uliokatishwa katikati, bisibisi ya kawaida haikai, kwa hiyo nilichukua bisibisi bapa ya zamani na kuichonga pengo kwa tupa. Nililegeza kiskurubu cha kufungia kilichoko miguuni mwake, nikaacha deki ikicheza huku iko wazi, na kuanza kukizungusha kigingi kwa kipimo cha pumzi.

"Unaumiza macho, mwanangu," alisema baba mdogo, akaenda dirishani, akafungua pazia. Jua la saa tisa likaingia ndani. Deki ikasimama papo hapo.

Ilichukua muda kuelewa. Deki hujua mkanda umeisha kwa njia ya mwanga. Katikati ya kasha kuna kitaa kinachotoa mwanga tusiouona, na pande mbili kuna vihisi vinavyousubiri. Mkanda wenyewe ni mweusi, unauziba, lakini ncha zake zote mbili ni plastiki angavu, na mwanga ukipenya tu, deki inasema basi, tumefika mwisho. Kifuniko kikiwa kimefunguliwa, jua linaingia lenyewe na kuidanganya. Nilieleza haya kwa sauti, sebuleni, bila kuwaza nani anasikiliza.

Tangu hapo baba mdogo akawa na huruma ya ajabu na macho yangu. Kichwa kikikaribia kuonekana, yeye yuko dirishani. Pazia likafungwa kwa pini, akaenda kufungua mlango, akisema anaita upepo. Mwishowe shangazi alivua kanga yake ya juu akatufunika wote, mimi na deki, nami nikaendelea na kazi humo gizani, jasho likinitoka, nikichungulia televisheni kupitia upenyo wa kanga. Nje nilisikia, "Deki yangu inaumia, dada," na jibu lake, "Kaa chini."

Mafundi wenye vifaa hutumia oskiloskopu na kanda maalumu ya kupimia. Mimi niliazima kwa mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili kanda halisi ya kiwandani, kitu adimu mjini hapa, maana za kibandani kwa baba mdogo zote zilikuwa nakala ya nakala. Ilikuwa filamu ya tembo. Nilinyoosha vigingi mpaka tembo akasimama mzima, tangu masikio hadi kucha, hakuna chenga hata moja. Nikageukia ile hedi ya sauti, nikazungusha skrubu yake ya pembeni mpaka majani yaliyokuwa yakinguruma yakaanza kuchakarika. Watu walipiga makofi. Tukaweka kanda ya 1996.

Suti ya Kaunda haikuwa na kichwa.

"Mmeona?" alisema baba mdogo. "Tembo anacho. Mimi sinacho. Maana yake sikuwepo."

Kwa muda nilikaa nikiitazama deki iliyonyooka kabisa ikikataa kusema. Kisha nikakumbuka mpiga video wa sherehe ile, bwana mmoja mwenye kamera ya begani, ambaye naye vifaa vyake bila shaka vilikuwa na kijana wake wa kukaza chochote kilicho karibu. Mistari yake aliiandika kwa mashine iliyopinda. Mashine iliyonyooka ikiisoma, inapita njia yake iliyo sahihi na kuikosa. Dawa yake ilikuwa moja, nayo inauma mtu aliyeteseka chini ya kanga kunyoosha: kuipinda upya deki nzima kwa makusudi, ikosee kwa kiasi kilekile alichokosea yule bwana, na kwa upande uleule. Tembo wa mwalimu hakurudi kuonekana mzima kwenye deki ile. Niliaga masikio yake, nikazungusha kigingi cha kushoto.

Kidevu kikatokea. Yakafuata masharubu, na baada ya masharubu, chenga zikipanda taratibu mpaka zikatoka kabisa juu ya skrini, ikatokea sura ya baba mdogo akiwa kijana, ana nywele nyingi na anatoka jasho. Viatu vyake viliingia chenga kidogo, lakini hapakuwa na shauri juu ya viatu. Nikaigusa tena skrubu ya sauti, maana hata hapo bwana yule alikuwa na mwinamo wake, nikarudisha mkanda hadi mwanzo wa hotuba.

"Kwanza kabisa," ilisema suti, kwa sauti iliyokwanguka safi, "natoa shukrani..."

"Si nilisema!" Baba mdogo aliruka kutoka kwenye kochi, mikono juu. "Si nilisema jamani!"

"...kwa wazazi wenzangu. Pili, kwa binti yetu, natoa cherehani ya miguu."

Vigelegele vya shangazi vilisikika hadi barabarani. Kule Mwanza dada alikuwa akicheka kiasi kwamba spika ya simu ilikwaruza. Baba mdogo aliketi polepole, akasema bei za cherehani mwaka ule zilipanda ghafla, kisha akasema kuna mtu alipewa hela ya kuinunua, kisha akanyamaza.

Katika shangwe hiyo hakuna aliyeniambia nizime. Mkanda ukaendelea. Kamera iligeuka, ikayumba, ikampata mwanamke aliyevaa kitenge chenye mabega yaliyovimba, akiwa amekwisha kunyakua maikrofoni bila kuitwa. Kichwa chake kilionekana vizuri sana.

"Na mimi shangazi mtu," alisema, "siwezi kushindwa na mdogo wangu. Natoa kabati la vyombo. La vioo! Na vyombo vyake ndani!"

Sebule ilitulia. Simu ikazungumza juu ya meza.

"Kabati gani, shangazi?"

Shangazi alijifunga kanga upya, akatazama huku na huku. "Hiyo mashine si imeshapata moto?" aliniuliza. "Ipumzishe, mwanangu. Na humu ndani mbona giza hivi?" Akainuka kuelekea dirishani, akaanza kuchomoa pini za pazia.

"Liache pazia, dada," alisema baba mdogo, ambaye sasa alikuwa amekaa vizuri, mguu juu ya mguu. "Mwanangu, rudisha nyuma kidogo hapo kwenye vioo. Ukimaliza nitolee kwenye flashi. Mbili."