Muulize Shangazi: Meza ya Krismasi Imenishinda

Barua za Desemba zimenifikia zikinukia bizari. Nimechagua nne, zenu mliouliza bei ya mchele nimezirudisha, maana hata mimi naulizia.

*Shangazi shikamoo. Mama mkwe anakuja kula Krismasi kwangu kwa mara ya kwanza. Nina seti ya sahani za kauri niliyozawadiwa kwenye kicheni pati, haijawahi kutoka kabatini. Nimewaza niipange mezani iwe pambo, halafu wageni niwapakulie kwenye sahani za plastiki. Itapendeza? Mwenye Kabati, Tabata.*

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe hofu: ugonjwa wako una ukoo mkubwa. Ingia nyumba za mawe za kale kule Lamu uone zidaka zilivyochongwa ukutani, safu juu ya safu, na humo ndimo vyombo vya kauri kutoka ng'ambo vilimokaa kutazamwa na wageni. Hapo Kunduchi, mwendo wa daladala kutoka kwako, makaburi ya kale yalipachikwa vyombo vya kauri vya Kichina. Watu walifika mpaka huko, na sahani haijaonja mchuzi! Nawe umeshashika njia.

Sasa fungua hilo kabati. Geuza sahani ya kwanza: kibandiko cha bei bado kipo, sivyo? Mama mkwe atakigeuza pia, tena mbele ya watu. Kipake mafuta ya kula, ukiache kidogo, kisha ukisugue kwa maji ya moto na sabuni. Vumbi la miaka yote hiyo lisafishe leo, si asubuhi ya sikukuu wakati vitunguu vinaungua jikoni.

Najua seti yako ni ya watu sita na wageni ni kumi na watano, kwa sababu hakuna aliyewahi kualika sita wakaja sita. Sahani wape wazee. Sisi wengine tandika mkeka, leta masinia. Pilau iwe chini, nyama katikati ili asiwepo wa kudai iko upande wake, ndizi mbivu pembeni, kachumbari na pilipili kwenye bakuli zake. Sinia moja watu wanne au watano, kila mtu ale mbele yake. Kachumbari itie chumvi mwisho kabisa. Ukiiwahisha, nyanya zitatoa maji na utakuwa umeandaa supu. Plastiki ziache kwenye kreti ya soda, zitafaa kwa watoto.

Sahani ikivunjika, cheka. Mama mkwe anapima kicheko chako kuliko meza yako.

*Shangazi, mke wangu amejifunza kupanga meza kwenye simu. Kila mgeni ana uma mbili, visu viwili na bilauri tatu. Baba yangu anakuja kutoka Songea, yeye hula kwa mkono. Tena hairuhusiwi kugusa chakula mpaka picha zipigwe. Mwaka jana tulikula pilau baridi. Njaa Kali, Kimara.*

Pole, baba. Bilauri tatu kwa desturi ya Wazungu ni ya maji, ya mvinyo mwekundu na ya mvinyo mweupe. Nyumbani kwenu kuna maji, soda na togwa ya mzee. Mwambie mama watoto, kwa sauti ya chini na baada ya kumsifia kitambaa cha meza, kwamba kifaa hakiwekwi mezani kama chakula chake hakipo jikoni. Kwa pilau, kijiko kimoja kinatosha, na asiyekitaka asikiguse.

Kilichosahaulika kwenye hiyo simu ni jagi la maji ya uvuguvugu, beseni, sabuni na taulo safi. Kijana mmoja azunguke akinawisha, aanze na mzee, asimwagie mtu mapajani. Baada ya kula arudi tena. Hapo baba yako atajua amefika kwa mwanawe.

Kuhusu picha, sina utani. Chakula kilichopikwa kisikae wazi zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, jambo la kawaida kwa Desemba ya Dar es Salaam, saa moja tu. Wali ni mkorofi hasa: vijidudu vyake hustahimili kupikwa, kisha huzaliana ukiachwa vuguvugu. Piga picha ya meza tupu, ndiyo inayopendeza. Pilau ibaki sufuriani motoni hadi watu wakae.

*Shangazi, nina kuku mmoja wa kienyeji. Baba mkwe na baba yangu wote wanakuja. Firigisi ni moja. Nifanyeje? Bibi Harusi wa Juzi, Mbagala.*

Usithubutu kuikata katikati. Utakuwa umewatukana wote wawili. Firigisi zinauzwa kwa kilo, mwanangu. Nunua nusu kilo, pika rosti, weka bakuli moja katikati ya wazee, kisha ondoka mezani kabla hawajaulizana kuku walikuwa wangapi.

*Nimepamba meza kwa pamba iwe theluji, na mishumaa katikati. Mume wangu anasema nimeharibu. Msanii, Kinondoni.*

Theluji ya nchi hii iko Kibo, mita 5,895 juu, na hata huko inapungua. Pamba ikikutana na mshumaa utaita zimamoto. Ukizima feni kuokoa mishumaa, wageni watatoka jasho ndani ya pilau. Chuma majani ya mwembe na maua ya uani, weka kwenye jagi fupi lisilomziba mtu sura ya anayeongea naye.

Barua za Idi nileteeni mapema, ila msiniulize mwezi utaandama lini. Tarehe 24 sipokei maswali kabisa: nitakuwa nachambua mchele, na nahitaji watu wa kunisaidia.