Zabuni ya Kumshusha Bwana Rhodes

Kwa Wakuu wa Chuo cha Oriel,
Oxford, Uingereza.

YAH: ZABUNI YA KUMSHUSHA BW. CECIL RHODES KUTOKA UKUTANI

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Poleni na majukumu, na poleni zaidi na ukata. Juni 2020 baraza lenu lilitamka kwamba lingependa sanamu ya Rhodes iondoke. Mkaunda tume, na Mei 2021 wajumbe wake walio wengi wakawaunga mkono. Mkaishukuru tume, kisha mkatangaza kwamba sanamu itabaki palepale, kwa kuwa vibali vina mlolongo mrefu na gharama ni kubwa. Kukataa jambo huku mnalikubali namna hiyo ni ufundi ambao hata halmashauri zetu hazijaufikia.

Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, mji wenye uzoefu wa bomoabomoa. Huku kwetu nyumba ikionekana imo ndani ya hifadhi ya barabara, huja kijana na kopo la rangi nyekundu, akapiga X ukutani, na mwenye nyumba akaanza kung'oa mabati yake mwenyewe kabla tingatinga halijafika. Waulizeni wa Kimara waliokuwa kando ya Barabara ya Morogoro mwaka 2017. Sijasikia kwamba kuna ukuta ulionusurika pale kwa sababu dizeli imepanda bei. Basi naiomba kazi hii. Rangi nitakuja nayo.

Najua ni kazi ya juu. Bwana yule mmemsimamisha kileleni, upande wa High Street, na chini yake mmewapanga wafalme wawili, Edward wa Saba na George wa Tano. Mwenye migodi yuko ghorofani, wafalme wanalinda geti! Kuna pia maandishi ya Kilatini yanayousifu ukarimu wake, baadhi ya herufi zikiwa kubwa kuliko nyingine. Ukizijumlisha kama namba za Kirumi unapata mwaka wa jengo. Nimezijumlisha: M moja, D moja, C tatu, L mbili, V moja, I sita. 1911, haipungui hata moja. Ila zile pauni 100,000 alizowaachia kwenye wosia wake hazina hesabu ukutani: almasi za Kimberley, wachimbaji waliofungiwa kambini na kupekuliwa miili wasije wakameza jiwe, ardhi ya Wandebele iliyotwaliwa kwa bunduki za Maxim mwaka 1893.

Naona mmeweka kibao kinachosema alijitajirisha kwa kunyonya madini, ardhi na watu wa kusini mwa Afrika. Kwa hiyo mtu yuleyule anasifiwa kwa Kilatini na kushtakiwa kwa Kiingereza, na hukumu haisomwi.

Watetezi wake wanalia kwamba kumshusha ni kufuta historia. Hapo ndipo mnaponishangaza Waingereza, maana kazi hii mnaijua. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimika hapa kwetu Hermann von Wissmann, huyo aliyemnyonga Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi yao, kule Pangani mwaka 1889. Wakamchonga na askari Mwafrika miguuni pake, amemwinulia macho. Mlipouteka mji mkamng'oa, mkampakia melini hadi London kama nyara. Tume haikuundwa, wala historia haikuliliwa. Baadaye mkawarudishia wenyewe, nao wakamsimika Hamburg, hadi wanafunzi walipomwangusha mwaka 1968. Kumbe sanamu ya mkoloni hubebeka vizuri tu, mradi awe mkoloni wa jirani.

Chuo Kikuu cha Cape Town nacho kilimtoa Rhodes wake kwa kreni Aprili 2015, mwezi mmoja tu tangu vuguvugu la wanafunzi lianze. Bristol walimmaliza Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, kwa kamba na mchana mmoja, wakamtosa bandarini. Njia hiyo siipendekezi, haina risiti.

Masharti yangu ni nauli, malazi na chai. Shida ni viza. Maofisa wenu watataka taarifa ya benki kuthibitisha kwamba nina fedha za kutosha na sitakuwa mzigo kwa Uingereza. Yangu nitaambatanisha. Nanyi, kwa kuwa mnasema gharama ndiyo iliyowashinda, naomba mniambatanishie ya kwenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mzabuni