Aliyeziba Ufa Akajenga Ukuta

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema kweli, ila waliishi kabla ya jipsamu. Hawakumjua mtu wa leo ambaye sebule yake imekwisha: rangi imekauka, mapazia yametundikwa, makochi yamepata mahali pake, runinga imekaa ukutani. Kisha Jumapili moja mtu huyo anajilaza, anainua macho na kuona mstari mwembamba pale ukuta unapokutana na dari. Ufa wenyewe haupitishi hata unywele, lakini tangu siku hiyo haoni kitu kingine chumbani. Ndipo linapomjia wazo la kornishi, ule mkanda wa jipsamu wenye mawimbi na maua unaozungushwa juu ya chumba kama kilemba. Hoja yangu ni kwamba kilemba hicho ni kizuri kikija kwa zamu yake, yaani kabla ya rangi. Kikija baada ya rangi, huziba ufa mmoja na kuita nyumba nzima barazani kujibu mashtaka. Hapo methali hupinduka, na aliyeziba ufa ndiye anayejenga ukuta.

Tuanze na ushahidi wa kipimo. Kornishi humiminwa katika kalibu, hivyo hutoka imenyooka. Nyumba haikumiminwa. Ilipandishwa tofali kwa tofali na mikono iliyokuwa na njaa saa sita na usingizi saa nane. Ukuta uliotoka nje sentimita moja katika urefu wa mita 4 haumsumbui mtu, kwa kuwa jicho halina cha kuulinganisha nao. Ukiupandishia kornishi umelikabidhi jicho rula. Pembe nazo zina lao. Kila kipande hukatwa kwa digrii 45 ili viwili vikikutana vikamilishe 90, ila pembe ya chumba haikuambiwa habari hizo, na nyingi huishia 88 au 92. Kwa kornishi inayotoka ukutani sentimita 10, tofauti ya digrii 2 huacha pengo la karibu milimita 5 kwenye maungio. Kwa hiyo ufa wa unywele umezaa ufa unaopitisha mende. Zaidi ya hapo, kornishi hukatwa ikiwa imelazwa juu chini, na kipande cha kushoto kinafanana na cha kulia kama pacha na pacha. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mzunguko wa mita 15. Kwa vipande vya mita 3, hesabu ya karatasi inataka vitano kamili. Hesabu ya msumeno inataka sita, na hesabu ya fundi aliyekata kushoto akidhani ni kulia inataka saba.

Ushahidi wa pili ni wa jipsamu yenyewe, jiwe lenye tabia ya kipekee. Huchimbwa kwetu, Makanya kule Same na Itigi kule Singida. Ukilichoma hadi kama nyuzijoto 150, hutoa robo tatu ya maji yaliyofungwa ndani yake na kugeuka unga. Ukiurudishia unga huo maji, hupata joto na kurudi kuwa jiwe katika muda wa dakika chache tu. Mafundi humimina uji huo katika kalibu pamoja na katani ili kornishi isivunjike njiani. Hiyo ni katani ya mkonge uleule ambao Richard Hindorf aliuleta pwani ya Tanga kutoka Florida mwaka 1893. Mkonge ulivuka bahari ukanusurika. Kuvuka mlango wa sebule yenye kabati la vyombo ni mtihani mwingine. Unga huohuo ndio hutumika kuibandikia kornishi, na hapa ndipo mwenye rangi mpya anapofikiwa na habari mbaya: unga wa jipsamu haushiki juu ya rangi. Hushika lipu, kwa sababu lipu huunywa. Rangi ni ngozi tu juu ya ukuta, na kornishi iliyobandikwa juu ya ngozi hungoja siku ngozi itakapobanduka ili ishuke nayo, kwa kawaida wageni wakiwepo. Fundi mwaminifu basi hupiga mstari kuzunguka chumba, akachukua kifaa chenye ncha na kuichuna rangi yote iliyo juu ya mstari ule hadi lipu ionekane. Kazi ya kwanza ya pambo, basi, ni kubomoa pambo lililotangulia, na mwenye nyumba huzilipia zote mbili.

Baada ya kubandua, kuna msasa. Maungio yakizibwa lazima yasuguliwe, na vumbi la jipsamu halina adabu ya vumbi la barabarani ambalo hukaa pale upepo ulipoliacha. Huingia ndani ya makochi yaliyofunikwa shuka, hupita nyuma ya kioo cha picha ya harusi na kumzeesha bwana harusi miaka arobaini. Hayo hufutika. Jambo lisilofutika ni weupe. Kornishi mpya ni nyeupe kwelikweli, na ikishakaa juu hudhihirisha kwamba dari tulilokuwa tukiliita jeupe ni la rangi ya maziwa ya chai. Dari linapakwa upya. Dari likishapakwa, ukuta unaonekana umechoka, hasa palipochunwa na palipoguswa na vidole vyenye pati. Mwenye nyumba anakumbuka kwa furaha kwamba alihifadhi nusu ya kopo la rangi. Anapaka kiraka, anangoja kikauke, na kiraka kinaonekana hata kutoka jikoni, maana rangi ya ukutani imeshapigwa na jua na moshi, na ile ya koponi imekaa gizani ikitunza ujana wake. Kiraka hakina dawa ila kupaka ukuta mzima kutoka kona hadi kona. Na ukuta mmoja mpya kati ya minne ni kama kiatu kimoja kipya.

Waliotutangulia katika mapambo waliufahamu utaratibu huu. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, pamoja na nakshi zilikuwa sehemu ya kazi ya chokaa yenyewe, zikitengenezwa palepale ukutani. Kama ukuta ulipinda, nakshi ilipinda nao, na wote wawili walizeeka kwa heshima. Mafundi wa Ulaya wa karne hiyohiyo nao walikuwa wakiburuta kipande cha bati kilichokatwa umbo juu ya plasta mbichi mpaka kornishi ijitokeze papo hapo, na fundi wa rangi alikuja mwisho. Siri haikuwa ufundi tu, bali pambo na ukuta vilizaliwa siku moja. Kornishi ya leo huzaliwa karakanani na ukuta huzaliwa kiwanjani, na tunawaoza bila kuwauliza, tena baada ya mmoja wao kuwa na nyumba na samani.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema shida ni mafundi babaishaji, na kwamba fundi hodari hufanya kazi hii bila kudondosha hata tone. Wapo mafundi hao, na wanastahili kila shilingi. Lakini fundi hodari ndiye atakayekuwa wa kwanza kumuuliza mwenye nyumba, "Bosi, rangi unayo ya kurudia?" Anayejibu "Usijali, hii tutaficha na pati" ndiye wa kumwogopa. Wa pili atasema siku hizi kuna kornishi za povu jepesi, zinabandikwa kwa gundi, vumbi hakuna. Nakubali nusu ya hoja. Kwa aliyechelewa hiyo ndiyo nafuu, maana hata ikianguka haimpasui mtu kichwa. Lakini wepesi hauunyooshi ukuta, maungio bado yanataka kuzibwa na kupakwa rangi, na gundi isiyo yake hulitafuna povu likayeyuka mkononi mwa anayelishikilia.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi. Atasema kwetu nyumba haijengwi kwa siku moja. Fedha huja kwa mafungu, watu huhamia madirisha yakiwa bado ya mabanzi, na anayesubiri kila kitu kije kwa zamu atazeekea nyumba ya kupanga. Ni kweli tupu, na sitamcheka mtu anayejenga kwa pumzi. Ila hoja yake inaniunga mkono. Kama fedha huja kwa mafungu, basi kinachosubiri kiwe rangi, kwa kuwa rangi ndiyo inayoharibiwa na kila fundi anayeingia baada yake. Ukuta wa lipu tupu hauna aibu. Husema wazi kwamba kazi inaendelea, na mgeni mwenye busara hunywa chai yake akanyamaza. Na kama rangi imeshatangulia na moyo hautulii, basi mtu ahesabu bei ya kornishi pamoja na rangi ya dari, rangi ya kuta nne, na siku kadhaa za kula uani. Akiisoma jumla hiyo na bado anataka, anajua anachonunua. Wengi wakiisoma huuona ufa wao umenenepa kidogo na kupendeza.

Tena ufa ule haukuja kwa uzembe. Dari limefungwa kwenye mbao za paa, na juu yake mabati hupata moto mchana na kupoa usiku, mbao zikitanuka na kunywea kwa misimu. Ukuta umesimama kwenye msingi wake, hauna habari. Wawili wasiotembea pamoja lazima wapishane mahali, na mahali penyewe ni palepale walipokutana. Kornishi haiwasuluhishi, hujipachika katikati yao na kushikwa na wote wawili. Baada ya msimu mmoja au miwili, mstari mwembamba huchungulia kati ya kornishi na dari, na mwingine kati ya kornishi na ukuta. Mwenye nyumba aliyekuwa na ufa mmoja uliojipinda sasa ana nyufa mbili. Na hizo, kwa haki ya fundi, zimenyooka.