Kwa Heshima na Taadhima

Tangu Jumamosi mama watoto ananiita "mheshimiwa". Waliooa wanajua: mke akianza kukuita mheshimiwa, kikao kimeshafunguliwa na ajenda ni wewe.

Chanzo cha yote ni kitabu. Nimekinunua mwenyewe, shilingi 50,000, hela ambayo ilikuwa imeshapangiwa kazi ya kujaza mtungi wa gesi.

Viongozi wetu walichelewa kuingia kwenye mambo haya ya vitabu. Mwalimu Nyerere aliandika mengi na akapata hata muda wa kumtafsiri Shakespeare, tukapata Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, lakini habari za maisha yake mwenyewe hakukaa chini akatuandikia. Mzee Mkapa, aliyekuwa mhariri wa magazeti kabla hajawa rais, akatoa kitabu cha maisha yake Novemba 2019, kwa Kiingereza. Mzee Mwinyi akafuata Mei 2021 na Mzee Rukhsa, kwa Kiswahili kinachoeleweka mpaka kijiweni. Baada ya hapo mlango ukawa wazi. Siku hizi mstaafu asiye na kitabu anaonekana kama mstaafu asiye na shamba.

Basi niliposikia kwamba mzee wangu naye ametoa cha kwake, na kwamba siku ya uzinduzi atakaa mezani kuwasainia wasomaji, nikajua siku yangu imefika. Jina lake nalihifadhi. Yeye hana kosa lolote katika haya ninayoyalalamikia, na mimi aibu yangu inanitosha bila kumgawia.

Niwaeleze kwa nini nampenda. Mwaka 1983 nilikuwa darasa la tano kijijini kwetu, mkoa wa Morogoro. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni nazo zimekwisha, na dukani walibaki rafu na mwenye duka. Sabuni, khanga, sukari, vyote vilikuwa vitu vya kusimuliwa. Watu walipanga mawe kwenye foleni ya duka la ushirika, kila jiwe na mwenyewe, na jiwe la baba yangu nalikumbuka kwa sura mpaka leo. Serikali ilikuwa inawasaka wahujumu uchumi, na mtu mwenye katoni mbili za sabuni alilala jicho moja wazi. Sisi tuliishi jirani na mashamba ya miwa. Miwa tuliiona kila siku. Sukari tuliisikia ikipita usiku kwenye malori.

Ndipo akaja yeye, wakati huo kiongozi kijana wilayani, kuitembelea shule yetu. Wageni wengine walikuwa wanakagua madaftari, wanapigiwa ngoma, wanaondoka na kuku. Huyu alikuja moja kwa moja kwenye foleni ya uji, akachukua kikombe cha mtoto wa mbele. Mtoto wa mbele nilikuwa mimi. Kilikuwa kikombe cha bati, rangi imebanduka mdomoni. Akapiga funda moja, akanyamaza, akamgeukia mwalimu mkuu.

"Huu uji hauna sukari?"

"Hauna, ndugu," akajibu mwalimu mkuu. Siku hizo ilikuwa ndugu. Uheshimiwa ulikuwa bado haujasambaa.

Wiki iliyofuata ikaja nusu gunia ya sukari. Tukanywa uji mtamu siku mbili. Siku ya tatu sukari ikapata uhamisho kwenda ofisi ya walimu, na haikurudi tena. Lakini siku mbili zile! Nimekula pilau za harusi nyingi tangu hapo na hakuna iliyofikia vikombe vile viwili. Miaka zaidi ya 40 nimekuwa nadaiwa shukrani.

Kwa hiyo nilichotaka kumwambia kilikuwa maneno matatu tu: asante kwa sukari.

Sasa, hapo ndipo lilipo tatizo letu. Hatujui kumwendea mkubwa na maneno matatu. Tunaona tunamvunjia adabu. Nikachukua karatasi, nikaandika, nikafuta, nikapamba. Ikatoka hotuba: "Kwa heshima na taadhima, mzee wangu, naomba kwa unyenyekevu mkubwa nichukue fursa hii adhimu na adimu..." Sukari yenyewe ilikuja kutokea mstari wa tisa. Nikawa naifanyia mazoezi bafuni kila asubuhi, mpaka mama watoto akagonga mlango.

"Baba Zawadi, unaongea na nani humo?"

"Na mzee."

"Mzee gani yuko bafuni kwangu?"

Nilipaswa kuuona huo kama mwanzo wa matatizo.

Kadi ilisema saa nne asubuhi. Saa nne nilikuwepo mimi, mafundi mitambo na viti. Shughuli ilianza saa saba. Mshereheshaji akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akatumia dakika 25 kuizingatia upya, jina baada ya jina, cheo baada ya cheo, mpaka na waliotuma udhuru wakasalimiwa. Sijawahi kulielewa jambo hili na sasa naona nitakufa bila kulielewa. Ikaja kwaya. Ikaja ngonjera. Wakaja wazungumzaji sita kukisifu kitabu, mmoja akakiri kwamba amekipitia kwenye gari akiwa njiani. Nakala ya kwanza ikapigwa mnada, mfanyabiashara mmoja akaichukua kwa mamilioni, akapiga nayo picha, akamkabidhi dereva wake bila kuifunua. Mimi mwenye nakala ya 50,000 nilikuwa nimeshafika ukurasa wa 60, maana muda ulikuwepo.

Hatimaye ikapangwa foleni. Foleni nazijua tangu utotoni, ila hii haikuruhusu kuweka jiwe. Mbele yangu alisimama mama mmoja na nakala nane, zote za wakubwa wa ofisini kwake, na kila jina alilitaja pamoja na cheo. Akafuata kijana aliyetaka kupiga picha na mzee, simu ikamwambia nafasi imejaa, akaanza kufuta video moja moja huku sisi tunangoja. Nyuma ya meza kulikuwa na spika kubwa kama kabati inayotapika bongo fleva. Pembeni alisimama kijana wa usalama mwenye suti nyeusi, ambaye alikuwa ameshaiona karatasi mkononi mwangu.

"Mzee, hapa hakuna risala. Jina, sahihi, unapita."

Nikafika. Mzee amezeeka. Saa ya mkononi ilikuwa inamcheza, imeteremka mpaka kwenye kifundo, na kidole cha shahada kilikuwa na doa la wino. Mkono ule ule uliokamata kikombe changu. Moyo ukaanza kugonga, karatasi ikaloa jasho, maneno yote ya hotuba yakanikimbia isipokuwa mwanzo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwa nani?"

Wallahi sikulisikia swali. Nilichosikia ni kama kengele ya kuniambia anza.

"Kwa heshima na taadhima..."

Akatikisa kichwa, akainama, akaanza kuandika. Nikajua amenipa ruhusa, nikaendelea na unyenyekevu wangu mkubwa. Yeye anaandika, mimi nahutubia, spika inapiga kelele. Mwandiko wake ulikuwa ule wa shule ya kati ya zamani, herufi zote zimelalia upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Nilipofika kwenye fursa adhimu na adimu akainua uso, akatabasamu.

"Majina mazuri sana. Mmeoana lini?"

Sikuelewa swali limetokea wapi, lakini mkubwa akiuliza unajibu. "Tisini na sita, mzee."

Akaongeza mstari, akafunga kitabu, akanipa mkono. Kiwiko cha suti nyeusi kikanigusa mbavu, na nilipopata akili tena nilikuwa nje, kwenye meza ya soda. Nikafunua kitabu.

"Kwa Heshima na Taadhima. Hongereni kwa ndoa iliyodumu tangu 1996. Endeleeni kupendana."

Nikarudi mbio. Suti nyeusi akanyoosha mkono. "Mzee, wewe umeshapita."

Nilipanda mwendokasi nikiwa nimekikumbatia kitabu kama mtoto aliyerudishwa kutoka shule. Niliwaza kukificha. Lakini utaficha wapi kitu katika nyumba ambayo mwenyewe anajua mpaka idadi ya vijiko? Mama watoto alikipokea mlangoni, akakifunua, akasoma. Akasoma tena, safari hii kwa sauti.

"Heshima, nadhani ni wewe," akasema taratibu. "Taadhima ni nani?"

Nikaeleza. Nilieleza kuhusu spika, hotuba, kwa nani, kwa heshima. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Akaningoja nimalize, kisha akaweka kidole kwenye mwaka.

"Sisi tumeoana 1998. Huyu wa 1996 ni nani?"

Hapo palikuwa na njia mbili. Nikiri kwamba mbele ya mzee nilisahau mwaka wa harusi yetu, au nikiri kwamba Taadhima yupo. Nikakaa nikapima. Kwa uzoefu wangu wa ndoa, sikuwa na hakika ipi ingekuwa nafuu. Nikasema nimesahau, na kwa jinsi alivyonitazama nikaona huenda ningemchagua Taadhima.

Habari haikulala. Jumapili asubuhi shemeji yangu akapiga simu kutoka Tanga, kitu ambacho hakifanyi mpaka kuwe na msiba. "Heshima, hamjambo huko? Na mwenzako je?" Nyuma yake nilisikia watu wengine wakicheka.

Nimejaribu kumlaumu kila mtu. Nimemlaumu mshereheshaji, fundi wa spika, mama wa nakala nane. Haikai. Mzee aliuliza swali la heri kabisa, kwa nani, na jibu lake ni jina ambalo nimelibeba maisha yangu yote. Mimi nilikwenda pale nimejipamba maneno mpaka jina halikupata pa kupita. Yule mwalimu mkuu wa 1983 alisema "hauna, ndugu", maneno mawili, na wiki iliyofuata nusu gunia ikashuka.

Kitabu nimekimaliza, kurasa zote. Vita vya Kagera vimo, vikao vimo, safari za Ulaya zimo, hata mbwa wake yumo. Ziara za mashuleni zimepewa aya moja. Sukari haimo. Inaelekea mwenyewe ameshasahau, na mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kumkumbusha alisimama mbele yake dakika nzima akimweleza kuhusu fursa adhimu na adimu.

Jana asubuhi nikakaa mezani. Mama watoto akaniletea uji, akauweka taratibu, akageuka kwenda zake. Nikapiga funda moja, nikanyamaza.

"Mama Zawadi, huu uji hauna sukari?"

"Hauna, mheshimiwa," akajibu kutoka jikoni. "Sukari iko kwa Taadhima."